Shaba Haidanganyi: Tuyapime Mafuta ya Mbegu Kabla Hayajafika Kisimani

Wengine katika jarida hili wameandika kuhusu mapenzi, mavazi na nidhamu, nami nimewaachia uwanja huo. Langu leo ni la mafuta na chuma. Tafadhali usikimbilie ukurasa wa vichekesho kwanza. Jambo hili linatuhusu sisi wa Oltepesi kuliko watu wengi.

Siku hizi ukiketi na vijana chini ya mti hutakosa kusikia mmoja akisema, "Bwana, bei ya dizeli inatumaliza! Si tupande mbarika na mbono kaburi, tukamue mafuta, tutie kwenye injini, basi?" Wenzake hupiga makofi. Wazo lenyewe si baya hata kidogo. Mafuta hayo, yakitengenezwa vizuri, huitwa bayodizeli, na dunia nzima inayatumia. Lakini wahenga walinena kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu. Maoni yangu nayasema mapema ili mtu asije akaniuliza mwisho nilikuwa upande gani: bayodizeli si adui wa injini, ila bayodizeli isiyopimwa ni adui wa chuma. Na mafuta ambayo hayajapimwa yasikaribie injini ya kisima, hata kama yanatolewa bure.

Kwa nini nasema kisima? Hapa kwetu kando ya barabara ya Magadi, tukishateremka kutoka vilima vya Ngong, nchi ni kavu na jua halina huruma. Jina Oltepesi lenyewe ni la mgunga, mti unaojua kuvumilia ukame. Mvua ikikosa, watu na mifugo hutegemea kisima cha mashine. Sehemu nyingine sola zimewekwa, ndiyo, lakini bado kuna visima katika nchi yetu ambavyo maji yake hayatoki mpaka jenereta ya dizeli ingurume. Mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwishoni mwa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na mizoga ya ng'ombe ikatapakaa Kajiado. Wakati kama huo, injini ya kisima ikizimika kwa siku tatu, hasara si spea peke yake. Ng'ombe aliyekonda hasubiri spea itoke Nairobi.

Hebu sasa tuelewane bayodizeli ni kitu gani. Watu wengi hudhani ni mafuta yaliyokamuliwa tu na kuchujwa. Sivyo. Ni kweli kwamba katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1900, injini ya aina ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Ni kweli pia kwamba ng'ambo ya Namanga, kule Engaruka katika nchi ya Wamasai wa Tanzania, injini ya mwendo wa polepole iliendeshwa kwa mafuta ya mbono kaburi miaka ya 2000. Lakini mafuta mabichi ya mbegu ni mazito kama mara kumi kuliko dizeli. Injini nyingi za leo zikiyanywa, nozo huziba kwa masizi. Ndipo wakemia wakatafuta njia ya kuyafanya mepesi.

Njia yenyewe tunaikaribia katika somo la Kemia. Kilo 100 za mafuta ya mbegu huchanganywa na kilo 10 hivi za methanoli, pamoja na soda kali kidogo ya kuharakisha kazi. Hapo hupatikana kilo 100 hivi za bayodizeli, ambayo ni jamii ya esta, na kilo 10 hivi za gliserini inayozama chini. Bayodizeli huoshwa kwa maji ili kuondoa methanoli, soda na sabuni iliyobaki, kisha hukaushwa. Na methanoli si ya kuchezea, jamani: ni sumu inayopofusha na kuua. Mara nyingi mafuta haya hayatumiwi peke yake bali huchanganywa na dizeli ya kawaida. Mchanganyiko wenye sehemu 5 kwa mia huitwa B5, wenye 20 huitwa B20, na bayodizeli tupu ni B100.

Sasa chuma huliwaje? Kikulacho ki nguoni mwako. Adui wanaoila injini hawatoki nje, wanakuja ndani ya mafuta yenyewe, nao ni wanne.

Wa kwanza ni maji. Dizeli ya kawaida na maji ni kama paka na panya, lakini bayodizeli huyapenda maji na kuyabeba mara nyingi zaidi. Yaliyotengenezwa kwa mbarika huyashika hata kuliko ya mbegu nyingine. Kama aliyeyaosha hakuyakausha vizuri, au pipa limeachwa nusu tupu likapigwa na jua mchana na baridi usiku, maji hujikusanya chini. Penye maji na chuma, kutu iko njiani. Isitoshe, mahali maji yanapokutana na mafuta ndipo vijidudu vidogo huzaana, na taka zao zina asidi.

Wa pili ni hewa na joto. Bayodizeli huchacha kama mafuta ya kupikia yaliyokaa sana. Hewa ya oksijeni huvunjavunja esta zile na kuacha asidi ndogo ndogo, zikiwemo ile ya siki na ile ya siafu. Kadiri joto linavyozidi ndivyo uharibifu unavyokimbia. Nani asiyejua joto la Oltepesi saa nane mchana? Ndiyo maana wataalamu huonya kwamba bayodizeli tupu isiwekwe zaidi ya miezi minne hadi sita bila kupimwa tena. Sisi hupenda kununua kitu tukaweka mpaka kitakapohitajika. Kwa mafuta haya, kuweka akiba bila kupima ni kufuga nyoka.

Wa tatu ni asidi iliyokuwamo tangu mwanzo. Mbegu zilizooza au kulowa, na mafuta yaliyokwisha kukaanga chipsi mara kadhaa, huwa na asidi nyingi. Ukiyatia soda kali, badala ya kupata mafuta ya injini unapata sabuni, na sabuni hiyo ikibaki ndani hufuata mafuta mpaka kwenye filta.

Wa nne ni madini ya injini yenyewe. Hapa wengi hushangaa, kwa sababu sisi tukisikia kuliwa tunafikiria chuma na kutu ya rangi nyekundu tu. Kumbe mnyonge wa kwanza ni shaba, pamoja na jamii zake zilizochanganywa na zinki au bati, kama ile ya manjano inayotumiwa kwa vali na viungo vya bomba. Risasi, bati na zinki nazo huumia. Alumini huvumilia zaidi, na chuma kisichoshika kutu huvumilia kuliko wote. Umewahi kuvaa bangili ya shaba ikakuachia alama ya kijani mkononi? Jasho lako limekula shaba kidogo. Ndivyo mafuta yenye asidi yanavyofanya kwa bushi na bomba za injini, ila yenyewe hayapumziki.

Ubaya zaidi ni kwamba shaba hulipiza kisasi. Ikishaliwa, vipande visivyoonekana kwa macho huingia ndani ya mafuta na kuyafanya yachache haraka zaidi. Yakichacha hutoa asidi zaidi, na asidi hiyo hurudi kuila shaba tena. Mwisho wake ni gundi na mashapo yanayoziba filta na nozo. Tena pampu ya kusukuma dizeli kwenye nozo imetengenezwa kwa vyuma vinavyoachana mwanya mwembamba kuliko unywele mara nyingi. Pale pakichakaa au pakashika kutu, injini haiwaki, na ukarabati wa pampu si wa bei ya andazi.

Lakini tusiitupie bayodizeli kila lawama, maana si kila kuharibika ni kuliwa. Mipira ya zamani huvimba na kulainika ikikutana na bayodizeli, na hilo ni tatizo la mpira, si la chuma. Vilevile bayodizeli husafisha uchafu wa miaka mingi uliolala ndani ya tangi, kwa hiyo filta ya kwanza huziba upesi. Mwenye gari husema, "Haya mafuta mabaya!" kumbe ni uchafu wake mwenyewe. Na kuna jambo moja la kuisifu: bayodizeli hulainisha. Dizeli ya siku hizi imeondolewa sehemu kubwa ya salfa, na hapo hupoteza ulaini wake. Sehemu moja au mbili tu kwa mia za bayodizeli safi zatosha kuurudisha.

Nasikia mtu akiniuliza, "Basi mbona Ulaya na Asia wanatumia na magari yao yanaenda?" Swali zuri. Ulaya dizeli ya kawaida huruhusiwa kuwa na bayodizeli hadi sehemu 7 kwa mia. Indonesia, ambayo ina michikichi mingi, ilipanda hadi sehemu 40 kwa mia mwaka 2025. Magari yao hayakufa yote. Lakini tuangalie wanafanya nini kabla mafuta hayajafika kwenye pampu. Hupima asidi: isizidi miligramu 0.50 za potashi kali kwa kila gramu ya mafuta. Hupima maji: Ulaya yasizidi miligramu 500 kwa kilo. Hupima shaba: kipande kilichosuguliwa hulazwa ndani ya mafuta yenye joto la digrii 50 kwa saa tatu, kisha rangi yake hulinganishwa na madaraja manne, kuanzia ile inayong'aa hadi nyeusi. Ulaya hudai daraja la 1. Sasa niambie, yule jirani anayepika mafuta nyuma ya nyumba na kuyatia kwenye mtungi wa plastiki, amepima nini? Amenusa tu!

Historia yetu wenyewe inatufundisha kutokimbilia sifa. Miaka ya 2000 mbono kaburi ulisifiwa Kenya nzima kama mti wa miujiza unaomea penye ukame na kuzaa mafuta. Mwaka 2009 uchunguzi uliofanywa na watafiti, likiwemo shirika letu la utafiti wa misitu, KEFRI, ulipita mashambani na kukuta mavuno ni haba mno. Wakashauri wakulima wadogo wasiupande shambani, ila kama ua tu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mti ukisifiwa kupita kiasi mkulima hubaki na kuni.

Halafu tazama jirani zetu wa Makueni. Mwaka 2022 kampuni ya Eni ya Italia ilifungua kiwanda Wote cha kukamua mafuta ya mbegu kama mbarika, mukinduri na pamba. Mafuta yale hayaingizwi kwenye injini pale pale. Husafirishwa hadi Italia, na huko husafishwa kwa hidrojeni ambayo huiondoa oksijeni yote. Kinachotoka kinafanana sana na dizeli yenyewe, na hakina ule ugonjwa wa kushika maji na kuchacha upesi niliouelezea. Kwa hiyo mtu akikwambia, "Mbona Wazungu wanatumia mbarika yetu na haina shida?" mjibu kwamba mbegu ni moja lakini mapishi ni mawili. Mahindi hutoa ugali na hutoa busaa, lakini hakuna ampaye mtoto busaa ati kwa sababu ni mahindi.

Tena sisi Wakenya twajua vizuri uchanganyaji wa mafuta, ule wa gizani. Kwa miaka mingi walaghai walitia mafuta ya taa ndani ya dizeli kwa sababu yalikuwa ya bei nafuu. Mwaka 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuua biashara hiyo. Aliyeumia pia ni mama wa kijijini mwenye koroboi na stovu, ambaye hakuwahi kuchanganya chochote. Funzo ni lipi? Mchanganyiko usiopimwa ukizidi, dawa inayokuja huwapiga hata wasio na hatia. Tusipoziba ufa tutajenga ukuta. Bayodizeli mbaya ikiharibu injini za watu, nayo itapigwa marufuku au kutozwa ushuru, na mkulima mwaminifu wa mbarika ndiye atakayelia.

Basi tufanye nini? Mimi sisemi tukae bure. Ninayo mapendekezo manne, na yote tunayaweza.

Kwanza, kila injini ipewe zamu yake. Anayetaka kujaribu B5 au B20 aanzie kwenye injini ambayo ikilala hakuna anayekufa kiu, kwa mfano mashine ya kusaga au trekta kuukuu. Injini ya kisima iwe ya mwisho kabisa, tena baada ya mafuta kupita kipimo na baada ya fundi kukagua bomba za shaba na mipira. Wazee wanaosimamia kisima waliandike hilo katika kanuni zao, asije kijana mwenye bidii akamimina mtungi usiku ati anapunguza gharama.

Pili, tuangalie chombo cha kuwekea. Tangi la mabati ni zuri kwa maji ya mvua, lakini si kwa mafuta haya, kwa sababu mabati yamepakwa zinki. Vyombo vya chuma kisichoshika kutu au plastiki nzito iliyokusudiwa mafuta ndivyo vinavyofaa. Chombo kijazwe, kifunikwe, kiwekwe kivulini, na maji ya chini yamwagwe kila mara. Tarehe ya kutengenezwa iandikwe juu yake kwa rangi. Hiyo haihitaji digrii.

Tatu, shule yetu na nyingine za Kajiado zisaidie kupima. Tunayo mizani, bureti na vipande vya shaba. Chukua gramu 20 za mafuta, uyayeyushe katika alkoholi, utie matone ya fenoftalini, kisha umimine myeyusho wa potashi kali wa nguvu ya 0.1 M kidogo kidogo. Ukishatoa kile kilichotumiwa na alkoholi peke yake, ikiwa umetumia zaidi ya mililita 1.8 hivi kabla rangi ya waridi haijakubali kubaki, mafuta hayo yamevuka kipimo cha asidi. Kwa shaba, tuchukue chupa tatu: moja ya dizeli ya kawaida, ya pili ya B20, ya tatu ya bayodizeli tupu. Katika kila moja tulaze kipande kilichosuguliwa na kupimwa uzito. Baada ya muhula mmoja tukipime tena. Kipimo cha saa tatu huonyesha mafuta mapya yakoje, lakini kile cha muhula kitatuonyesha yanavyogeuka yakikaa kwenye joto letu hili. Bila shaka mwalimu awepo, na moto usikaribie: kama joto linahitajika, itumiwe beseni ya maji ya moto. Hicho si kipimo rasmi, lakini kitatosha kusema, "Haya, wazee, msiyatie."

Nne, kipimo rasmi kisogezwe karibu. KEBS ndiyo yenye kazi ya viwango vya bidhaa, na EPRA ndiyo yenye kusimamia mafuta. Tunawaomba, pamoja na kaunti yetu, wafikirie mahali hata pamoja, tuseme Kitengela ambako gereji na viwanda ni vingi, ambapo mtu atapeleka chupa moja ya mafuta na kurudi na jibu kwa bei anayoimudu. Kumwambia mkulima wa huku ati atimize kiwango huku kipimo kiko mbali ni kumwambia kipofu asome.

Najua kuna watakaosema ninawatisha watu na kurudisha maendeleo nyuma. Ndugu zangu, mwenye kupima hapingi safari, anaangalia tairi kabla ya kuondoka. Anayerudisha maendeleo nyuma ni yule anayemimina mafuta asiyoyajua, injini ikafa, kisha kijiji kizima kikaapa kutoigusa bayodizeli tena hata ije iliyo safi. Kwa mtu huyo mbarika wetu utakosa soko kabla hata haujachanua.

Kalamu yangu inaelekea kukauka, kwa hivyo nikomee hapa. Mtu hudanganya, mtungi hudanganya, hata harufu hudanganya. Shaba haidanganyi: ikiwa mafuta ni mabaya, itageuka rangi mbele ya macho yako. Basi ukiletewa mafuta ya mbegu nyumbani muhula huu, usiulize bei kwanza. Uliza, "Yametengenezwa lini, na nani ameyapima?" Asiyekuwa na jibu, mwambie kwa heshima arudi na mtungi wake, na kisima chetu kiendelee kunguruma.